Paka Asifunge

Dilala, Kolwezi, 6 Agosti 1974

Kwa Amisa binti Nasoro,

Assalam aleikum. Sisi wa hapa tuko wazima. Baridi hii inamsumbua mama yako magoti, ila bado ndiye anayeamka wa kwanza. Kaka yako Amadi anaendelea na kazi ya mgodi. Feruzi, mtoto wa baba yako mdogo, naye amepata kazi hukohuko na anakaa kwetu. Chumba chako tumempangisha kijana mmoja mpole, Kisimba, mtu wa Mitwaba. Kwa hiyo nyumba sasa ina wanaume watatu wa mgodini na kila mmoja ana posti yake: mmoja anaingia asubuhi, mwingine mchana, mwingine usiku. Mama yako anapika kutwa. Lori langu limekufa kabisa. Liko uani, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na safari za Mutshatsha nimeziacha.

Miaka miwili sijakuandikia, na usidhani nimebadilika. Nilichosema siku ile ulipotoka nyumbani ni hichohicho: habari za nyumba ya yule mtu wa reli uliyemfuata usiniletee. Ninaandika kwa ajili ya paka. Paka ni wako, uliondoka ukatuachia, na nasikia unapiga taipu kwenye ofisi ya madaktari wa mifugo. Basi waulize.

Direkta amenenepa kupita kiasi. Kiti changu, ambacho kwa kukikalia ulimwita Direkta, yaani mkurugenzi, hawezi tena kukirukia. Anasimama chini anakitazama mpaka mtu amnyanyue. Mgongo wake haufikii kuulamba, manyoya ya karibu na mkia yamekuwa mafundo. Akivuka sebule anakaa kupumzika katikati. Nje hatoki. Jirani anatega sumu ya panya, na mimi mlango wangu siuachi wazi.

Alhamisi mama yako alimfunga kwenye kitenge akampeleka kule wanakopima watoto, maana mizani nyingine ya kuning'iniza haipo. Wanawake kwenye foleni walimcheka. Mmoja akamwambia, "Mama, uyu mutoto wako iko na ndevu tayari." Mama yako akajibu, "Iko na miaka sita na anakatala kutembea." Kilo saba na gramu mia sita. Muuguzi aliandika kwenye karatasi bila kucheka, na mimi nampa heshima yake.

Mama yako anasema mengine mengi. Sitayaandika yote.

Baba yako,
Nasoro


Lubumbashi, 29 Agosti 1974

Baba yangu mpendwa,

Aleikum salam. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Pole kwa lori. Mpe mama pole ya magoti, mwambie asiloweke miguu kwenye maji baridi ya asubuhi.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa nimelala siku kadhaa, sasa ni mzima, na kazini nimepewa mapumziko. Habari za nyumba hii sikuletei, kama ulivyoagiza. Nimetii.

Kuhusu Direkta, nilikwenda kumwona Citoyen Ngeleka (siku hizi wote ni citoyen, yaani raia), daktari mkubwa wa ofisi yetu. Anatibu ng'ombe, lakini paka aliwasomea. Anasema paka wa umbo lake angetosha na kilo tano. Ila asipunguzwe kwa pupa: kila wiki apungue kama uzito wa yai moja na nusu, basi. Akipungua zaidi ya hapo si afya, ni ugonjwa. Bukari aachishwe, maana paka hahitaji ugali, anahitaji samaki. Apewe samaki wa kupimwa, mara mbili kwa siku, saa zilezile. Na achezeshwe. Mfungie unyoya kwenye uzi, uuvute sakafuni kabla ya kumpa chakula, atembee kidogo kwanza. Bakuli lisikae mahali pamoja: leo jikoni, kesho mwisho wa ukumbi. Kila wiki mbili apimwe.

Halafu Citoyen Ngeleka aliniuliza swali ambalo nami nakuuliza: ni nani anayemlisha? Alisema paka hawezi kununua samaki mwenyewe.

Lipo jambo moja la mwisho alilosema, na alilisema kwa mkazo. Nitaliandika barua ijayo, kuna mtu ananiita.

Binti yako,
Amisa


Dilala, 14 Septemba 1974

Amisa,

Salamu. Mama yako anauliza ulilala kwa ugonjwa gani. Nami nauliza. Huko ulikoitwa na mtu ukaacha barua katikati siulizi.

Nimefanya uchunguzi. Jumapili, siku pekee wote watatu wako nyumbani, niliwakalisha mmoja mmoja.

Amadi akasema, "Baba, mi namupatiaka kidogo tu, kichwa ya samaki, wakati natoka posti ya asubuhi."

Feruzi akasema, "Mi nilizani hakuna mutu anamupatiaka. Anakuangaliaka kama mwenye hajakula tangu jana."

Kisimba alisimama kabisa kujibu, kama yuko mbele ya hakimu. "Baba, mi niko mugeni hapa. Paka alikuya kuniomba. Nitamukatalia namna gani?"

Na mama yako naye anampa anapopika, kwa kila mmoja wa hao anayempikia. Sasa piga hesabu. Mgodi una posti tatu na paka anakula posti zote tatu, hakosi hata siku ya mapumziko. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kina mkia.

Dawa nimeipata, tena imekuja kwa wakati wake. Wiki hii Ramadhani inaingia. Nyumba nzima inafunga, na Direkta atafunga nasi. Kutwa maji tu. Magharibi tukifuturu atapata kijiko cha bukari kavu, bila samaki, mwezi mzima mpaka Idi. Kisimba ni Mprotestanti, hafungi, lakini nimemwapisha kwa Biblia yake. Mwezi ukiisha utaona paka mwingine.

Unyoya na uzi nimeona ni mambo ya kitoto. Nimemwachia Feruzi.

Baba yako,
Nasoro


TELEGRAMU
Lubumbashi – Kolwezi, kwa njia ya reli, 25 Septemba 1974

NASORO NYUMBA YA LORI BOVU DILALA. PAKA ASIFUNGE. ANAWEZA KUFA. APEWE MCHUZI WA SAMAKI LEO LEO KIJIKO KWA KIJIKO. MASIKIO YAKIWA MANJANO MLISHENI KWA NGUVU. DAKTARI KASEMA. KWA NIABA YA AMISA. KALENGA.


Dilala, 4 Oktoba 1974

Mwanangu Amisa,

Salamu zote baadaye. Yu hai.

Nikueleze. Siku ya kwanza ya mfungo aliusogelea ule bukari, akaunusa, akaufukia kwa mguu kama anavyofukia uchafu wake. Siku ya pili hivyohivyo. Nikasema ni kiburi, njaa itamfundisha adabu. Siku ya nne hakuja tena jikoni. Siku ya sita aliingia chini ya kitanda chetu na hakutoka, na mama yako akanisemesha maneno ambayo nayo sitayaandika. Siku ya nane, saa kumi alasiri, akaja mtu wa stesheni kwa baiskeli anauliza nyumba ya lori bovu ni ipi.

Niliisoma ile karatasi mlangoni. Nikaingia chini ya kitanda kwa tumbo langu, mimi mzee mzima na saumu yangu, nikamtoa. Mama yako alimgeuza sikio kwenye mwanga wa dirisha. Ndani lilikuwa manjano kama kiini cha yai.

Tulichemsha samaki, tukachuja mchuzi. Mimi nikamshika, mama yako akatia kijiko pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, kila baada ya muda. Alitema, alinikwaruza, nikamwacha anikwaruze. Watu wa posti walibadilishana: anayetoka kazini ananawa, anapokea paka. Kisimba alifanya siku mbili bila kulalamika. Siku ya tano Direkta alilamba kijiko mwenyewe. Siku ya saba akala samaki mzima, akaomba mwingine, na mama yako akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nimepatwa na moshi wa jiko.

Manjano yanaondoka. Amepungua gramu mia tano na sifurahii hata moja.

Barua yako nyingine, ya tarehe 22, aliileta Mzee Kabongo, yule anayetubebea barua kwa treni, jana tu. Alishuka Tenke kuhani msiba wa shemeji yake, akakaa siku kumi, na barua ndani ya koti lake. Ningeitegemea hiyo, leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Telegramu ilikuwa na jina chini. Nimelisoma.

Baba yako,
Nasoro


Lubumbashi, 18 Oktoba 1974

Baba yangu,

Idi njema kwako, kwa mama, kwa Amadi na Feruzi, na umsalimie Kisimba. Nilipofika pale uliposema "yu hai" niliketi chini hapohapo, nikacheka peke yangu.

Kosa ni langu, Baba. Lile jambo la mwisho la daktari, ambalo sikuliandika Agosti, ndilo hilohilo: paka mnene asikae hata siku mbili bila kula. Mafuta ya mwili yanalivamia ini na ini linashindwa. Kadiri alivyo mnene ndivyo hatari inavyozidi. Ningeandika mstari mmoja tu. Niliitwa, nikaondoka, nikaifunga barua.

Barua yako ya mfungo ilipofika nilijibu siku ileile nikampa Mzee Kabongo. Siku tatu baadaye nikasikia ameshuka Tenke. Ningeweza kupiga telegramu tangu mwanzo, maana unajua mtu wa reli anafanya kazi gani. Sikutaka kukuletea kitu kilichopita mkononi mwake, ukakirudisha kama ulivyorudisha kile kitambaa alichomletea mama. Yeye ndiye aliyeniambia, "Baba yako atakasirika, lakini paka atakula." Aliigonga mwenyewe, akakaa pale mpaka Tenke wakajibu wameipitisha na Kolwezi wakajibu wameipata.

Samahani, hiyo ni habari ya nyumba hii. Imeniponyoka.

Sasa tuanze upya, polepole. Mtu mmoja tu apime samaki asubuhi, agawe mafungu mawili. Anayempa, wengine wajue amempa. Hilo tu.

Binti yako,
Amisa


Dilala, 17 Novemba 1974

Amisa,

Salamu. Mvua zimeanza vizuri, mama yako amepanda mahindi nyuma ya lori. Amadi amepandishwa cheo, anasimamia watu sita, na nyumbani anataka kusimamia na sisi.

"Wengine wajue amempa," ulisema. Nikafikiri. Hawa watu mgodini kila mmoja ana jetoni, kibati chenye namba yake. Akiingia anakitundika ubaoni, wanajua yumo ndani, akitoka anakitoa. Nami nimekata vibati vitatu kwenye kopo la sardini, nikakwangua namba zao za kazi, nikagongelea misumari mitatu ubaoni kando ya mlango wa jikoni. Anayemlisha Direkta anatundika chake. Vikining'inia viwili, siku imekwisha, hata paka aimbe. Mama yako ndiye mpimaji na ndiye anayevivua asubuhi. Wamelipokea vizuri, maana ni sheria wanayoijua. Kisimba anauliza kama kuna malipo ya saa za ziada.

Unyoya pia tunautumia. Siku moja nilimshikia Feruzi uzi kidogo, na nikaona unavyoshangaza. Direkta amekirukia kiti. Alishindwa mara mbili, ya tatu akapanda.

Lakini kuna tatizo. Tangu apone, wiki sita hizi, uzito umesimama: kilo saba na gramu mia moja, haushuki. Vibati ni viwili kila siku, nimehesabu. Kwa hiyo kuna mkono wa nne. Nashuku Amadi, cheo kimemlegeza. Mwulize daktari kama paka anaweza kunenepa kwa hewa.

Baba yako,
Nasoro

*Amisa, ni mi Feruzi. Baba mukubwa ameniachia barua niipeleke posta na haikufungwa. Mama anasema niandike mbio. Mukono ya ine ni yake yeye. Kila mangaribi anaingia mu lori na paka, anakalisha paka pa kiti ya pembeni, anatoa samaki mu mufuko. Anamuambiaka, "Amisa ameandika." Siku ingine, "Amisa bado kuandika." Amefanya vile tangu siku ulitoka, miaka mbili, Ramazani tu ndio aliacha. Mama anajua, alinyamaza juu ya vile hakuna mahali pengine anatajaka jina yako. Usimuambie kama ni mi.*


Lubumbashi, 2 Desemba 1974

Baba,

Salamu nyingi, na hongera kwa Amadi.

Daktari anasema paka hanenepi kwa hewa. Anasema pia mkono wa nne usiadhibiwe, utundikiwe msumari. Mimi naujua mkono huo, Baba. Usiulize nimeujuaje, wewe mwenyewe umenifundisha kwamba si kila linalosemwa huandikwa. Kaa naye jioni kama kawaida, umwambie unayomwambia. Ila mfukoni usiwe na samaki. Mkune shingo, atakubali. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na huyu ameshamliza mama mara moja.

Nami nina mkono niliouficha, na nimechoka kuuficha. Agosti sikuwa mgonjwa. Aliyeniita ile siku nikaacha barua katikati alikuwa analilia maziwa. Nina mtoto wa kike, alizaliwa tarehe 11 Agosti, jina lake Mwamini, kama mama. Ulisema nisilete habari za nyumba hii na yeye ni habari ya nyumba hii, kwa hiyo nilinyamaza. Kunyamaza kwangu nusura kumuue paka, nikaona basi.

Ukitaka kutojibu, usijibu. Lakini mama aambiwe.

Amisa


Lubumbashi, 12 Januari 1975

Baba,

Salamu za mwaka mpya. Wiki sita sijapata neno. Naomba uniambie tu Direkta yu mzima. Hata mstari mmoja.

Amisa


Dilala, 20 Januari 1975

Mwanangu,

Aleikum salam. Direkta mzima. Mama yako mzima, alipiga vigelegele hadi jirani wa sumu akaja kuuliza nani ameolewa. Mimi ndiye niliyekaa bila kukujibu. Niliandika barua tatu, nikazichana tatu. Kila moja ilianza na maelezo kwa nini nilikuwa na haki.

Haki sikuwa nayo. Nilikuwa na hasira, na hasira nilizilisha kila siku kama nilivyomlisha yule, mpaka zikanishinda kunyanyua. Mlango nimeufunga miaka miwili nikisema ni sumu ya panya. Niliogopa paka naye atatoka kama wewe. Nimemkosa mjukuu miezi mitano, na hilo nimejifanyia mwenyewe. Nisamehe, Amisa.

Swali langu ni moja tu, na jibu lake nalitaka kwa njia ya haraka: mjukuu wangu ana kilo ngapi?

Baba yako,
Nasoro


TELEGRAMU
Lubumbashi – Kolwezi, kwa njia ya reli, 27 Januari 1975

NASORO NYUMBA YA LORI BOVU DILALA. MWAMINI KILO SITA NA NUSU. MENO BADO. ANACHEKA. HESHIMA KWAKO BABA. KALENGA NA AMISA.


Dilala, 31 Januari 1975

Kwa Amisa, na kwa Kalenga mume wake,

Assalam aleikum nyote wawili, na wa tatu.

Telegramu ilifika saa nne asubuhi. Saa tano mama yako alikuwa kwenye foleni ya mizani na Direkta kwenye kitenge, nami kando yake. Kilo sita na nusu. Sawasawa, gramu kwa gramu. Yule muuguzi nilimwonyesha ile karatasi, na safari hii alicheka. Kwa hiyo siku hiyo moja wajukuu wangu wawili walikutana njiani, mmoja anapanda, mmoja anashuka. Direkta bado ana kilo na nusu za kuteremka na hatutamharakisha. Mwamini apande kwa raha zake.

Kalenga, kile kitambaa nilichokirudisha, ukija nacho tena kitapokelewa. Nami nakushukuru kwa maneno uliyogonga Septemba. Ungesubiri hasira zangu ziishe, paka angekuwa chini ya mti wa mapapai.

Mama yako anasema mje Pasaka, mtu wa reli hapungukiwi na tiketi. Safari hii nimeandika kila alichosema.

Ubao wa jikoni umeongezeka. Msumari wa nne ni wangu. Jetoni sina, sikuwahi kufanya kazi mgodini, kwa hiyo nimetundika ufunguo wa lori. Na nikimlisha ninautundika mbele ya watu. Wa tano ni wa Kalenga, aje na beji ya kofia yake ya reli, bila hiyo paka haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwake. Wako, Amisa, nimeugongelea juu ya yote, na ulipaswa kuwa wa kwanza.

Kuna mwingine mdogo, chini kabisa, kimo cha goti. Amadi aliuliza ni wa nani, nani atainama hapo. Nikamwambia hakuna wa kuinama. Mwenyewe akianza kusimama, ataufikia.

Baba yenu,
Nasoro